Mikanda ya Bi Masanduku

Shangazi yangu Mwanaisha alipofariki, vijana wa nyumbani walinijia na simu zao mkononi, wanataka picha ya marehemu waitume kwa jamaa walioko Mombasa na Arabuni. Nikawaambia hana picha. "Hata moja, Bibi? Umri wote ule?" Hata moja, nikasema, na harufu ya udi na kafuri ingali nguoni mwangu, wala sikuona haya kusema uongo siku ya msiba. Picha ipo. Ilipigwa, ikachapishwa, ikazungushwa nchi za watu, na sina shaka mpaka hii leo imelala ndani ya kabati la mtu huko Ulaya. Lakini nani atanitoa mimi kinywani habari ya picha ile? Walipoondoka nilifunga mlango nikakaa kitandani, na hasira ikanipanda upya, ileile ya zamani.

Nimefika umri wa kuwa na vitukuu, na watu wanatarajia nimeshasamehe. Imamu wetu, kijana mwenye sauti nzuri, hunihimiza kila Ramadhani: Bibi, toa kilicho moyoni. Nimetoa vingi, namshukuru Mungu. Hiki sikitoi, na nyinyi mliokua wakati mmoja nami mtanielewa kwa nini.

Sisi tuliozaliwa kabla ya uhuru tunaikumbuka Mkomani, mtaa wetu wa Amu, au Lamu kama wengine wanavyoiita, ilivyokuwa. Watalii hawakuwapo, hata neno lenyewe hatukulijua. Mzungu aliyekuja Amu alikuwa wa serikali, au daktari, au alikuwa amepotea. Huyu ninayemsema alikuja peke yake, mwanamke asiye na mume wala ndugu, amevaa suruali, na nyuma yake wachukuzi wanne wamebeba masanduku. Jina lake alilitaja lakini halikukaa midomoni mwetu, basi tukamwita Bi Masanduku. Alipanga ghorofa ya nyumba inayoelekeana na yetu. Nyumba hizo mbili ziliunganishwa na wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani, na mimi, mtoto wa miaka minane hivi, nikawa mtu wa wikioni asubuhi na jioni.

Kwetu tulikuwa wanawake watatu. Mama alifariki nikinyonya, na baba alikuwa Unguja kwa kazi zake. Alibaki Bibi Zuhura, mama yake baba, na binti yake wa mwisho, Shangazi Mwanaisha, ambaye wakati huo nadhani hakuwa ametimiza miaka ishirini. Shangazi ndiye aliyenilea. Alinichana nywele, alinifundisha Juzuu Amma kabla sijapelekwa chuo cha Kurani, na nikimwita hata akiwa ndani ya swala alikuwa akikohoa kidogo nijue amenisikia. Sikupata kumwita akaacha kuitika.

Bi Masanduku alikuwa anaizunguka Afrika nzima. Alianzia Misri akashuka, na Kiswahili chake alikiokota bara kwa wapagazi na wapishi, kwa hiyo alijua kuamrisha, salamu hakuijua. Akiingia kwetu maneno ya kwanza ni "Leta maji ya moto." Bibi alikuwa akimjibu pole pole, "Sabalkheri, Bi." Akisema tena leta maji, Bibi naye anasema tena sabalkheri, mpaka mgeni aitikie ndipo apewe maji. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alicheka sana, na alinipa peremende za ndani ya kopo zilizokuwa na unga mweupe juu yake, na mimi nilikuwa mtoto, nikauza moyo wangu kwa peremende.

Masanduku yake yalikuwa yamebandikwa karatasi za rangi kila upande, za mahoteli aliyolala. Kusoma herufi za Kizungu sikujua, nilijua za msahafu tu. Basi yeye akawa ananishika kidole na kukiweka juu ya karatasi moja moja. Hii Misri. Hii Sudani, vumbi mpaka ndani ya chai. Hii Habeshi, ambako makanisa yamechongwa ndani ya mwamba. Hii Uganda, hii Ruanda penye ng'ombe wa pembe ndefu kama mikono ya mtu mzima, hii Kongo ambako mvua ina saa yake kila siku. Afrika mimi nilijifunza juu ya tumbo la sanduku. Na nikajiamulia mwenyewe, bila kumuuliza mtu, kwamba kila karatasi ile ni cheti, kwamba wenyeji wa kila nchi walimbandikia alipoaga kuwa alikaa nao vizuri na hakumdhulumu mtu. Mtu mwenye vyeti vingi vile, nikasema, ataharibu nini hapa kwetu?

Alinionyesha pia vikopo vyake vya bati, vidogo, vimejaa sanduku zima, kila kimoja kimezungushiwa utepe. Ndani yake mlikuwa na mikanda ya picha alizopiga njia nzima, bado hazijasafishwa, za kupelekwa kwao zikatengenezwe kitabu. "Hapa ndani watu ya Kongo," akaniambia akitikisa kimoja sikioni kwangu. "Hapa watu ya Habeshi. Wewe hapana fungua. Jua naingia, watu yote kwisha." Nikarudisha mikono nyuma haraka. Nililala siku nyingi nikiwafikiria watu wale wamejikunja ndani ya bati, gizani.

Kipindi hicho ndipo Shangazi alipoolewa na Athmani, mtoto wa Bwana Bakari wa mtaa wa pili. Kwetu Amu mume ndiye huhamia nyumbani kwa mke, kwa hiyo sikuogopa kunyang'anywa shangazi yangu, na Athmani mwenyewe alikuwa mpole, aliingia akitazama miguu yake. Baada ya akdi, kufungwa kwa nikaha, ilifuata siku ya ntazanyao, ambayo ndiyo siku ya bibi arusi hasa. Hupambwa kwa dhahabu na asumini, hukalishwa kitini, na wanawake wa mji mzima huja kumtazama. Yeye huwa amefumba macho. Hatikisiki, hasemi, hacheki na mtu. Anaweza kukaa hivyo tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi, na kadiri anavyotulia ndivyo mama yake anavyosifiwa.

Bi Masanduku aliposikia aliomba kuja na kamera. Bibi akamwambia, "Karibu uye, wewe ni mwanamke kama sisi. Lakini kisanduku hicho cha picha hakingii. Uso wa mwanangu siku ya yeo ni wa wanawake tu." Akakubali. Siku yenyewe aliuacha mfuko wake wa kamera darakani, kwenye baraza ya mlangoni, na Bibi akaniweka mimi niuangalie. Nilivaa gauni jipya la kijani, nikakaa juu ya baraza na mfuko ubavuni, najiona mtu mkubwa.

Karibu na alasiri alitoka ndani amejishika paji la uso. "Kichwa yangu nauma sana. Dawa iko ndani ya mfuko. Wewe leta." Akarudi ndani kabla sijajibu. Niliupeleka, jamani. Mgonjwa akiomba dawa unamnyima? Nilimkuta amekaa peke yake pembezoni mwa kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba unaoingiza jua, na mbele yake, hatua chache, Shangazi kwenye kiti chake. Wanawake walikuwa wamekazana na matwari na vigelegele, wengine wameinamia sinia za mkate wa mofa. Akaupakata mfuko juu ya mapaja, mtandio wa kuazima umefunika mikono yake. Kisha akaninong'oneza: "Mama mdogo yako nzuri sana. Lakini iko lala. Mimi nataka ona macho. Wewe ita."

Nikaona sifa. Mji mzima umekuja kumtazama na hakuna aliyethubutu kumsemesha, lakini mimi nikimwita ataitika. Nikaita, "Shangazi!"

Akafumbua macho. Akanitafuta, akaniona, akatabasamu, tabasamu dogo la kunionya kwamba, we mtoto, kaa na adabu, kisha akafumba tena. Nikasikia kitu kimelia ta! chini ya mtandio. Nikadhani ni kifuniko cha kopo la dawa.

Wiki iliyofuata Bi Masanduku alipanda chombo akarudi Mombasa, ambako, tulikuja kujua baadaye, alitoa vikopo vichache akavituma kwao kwa ndege, na sisi tukabaki na furaha yetu. Athmani alikuwa akija na samaki amemfunga kwa ukambaa, anamkabidhi Bibi huku anamtafuta mkewe kwa pembe ya jicho. Shangazi alinenepa. Miezi miwili na zaidi nyumba ilikuwa na vicheko.

Kisha barua za Mombasa zikaja, na pamoja nazo gazeti moja la Kizungu, kubwa, la karatasi ya kung'aa, la watu wanaopenda kusafiri. Karani mmoja wa serikali ndiye aliyelipokea, akalileta kwenye mabenchi ya kahawa pwani. Ukurasa mzima ulikuwa wa wanawake wa Afrika, kila nchi na wake, wamepangwa kama vitambaa dukani. Kushoto msichana wa Kongo kifua wazi, chini yake mwanamke wa Habeshi, na katikati, mkubwa kuliko wote, amefumbua macho anatabasamu, shangazi yangu na dhahabu zake za arusi. Wale wenzake nao, maskini, nani aliwauliza? Gazeti lilipita mkono kwa mkono. Wavuvi walilitazama, wachukuzi wa mawe walilitazama, wanaume ambao hawakuwahi kuona hata kisigino cha mwanamke wa nyumba yetu waliuweka uso wake magotini na vikombe vyao vya kahawa. Bwana Bakari alilikuta pale likiwa limeshatiwa mafuta ya samaki. Alilikunja akatia kwapani akaenda nyumbani.

Athmani alikuja adhuhuri hiyohiyo. Hakuingia ndani. Alisimama darakani akalia waziwazi, mwanaume mzima, akamwambia Bibi, "Baba amesema," kisha akatamka talaka moja na kwenda zake. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango. Nilimchukia kwa machozi yale kuliko ambavyo ningemchukia kama angekuja na ukali.

Talaka moja, kama mjuavyo, ina mlango wa kurudi. Mume ana ruhusa kumrejea mkewe maadamu eda haijaisha, na Bibi akaung'ang'ania mlango huo kwa mikono miwili. Aliponihoji nilimwambia kila kitu, mfuko, dawa, na kwamba mimi ndiye niliyemwita Shangazi akafumbua macho. Hakunipiga. Alinivalisha akanishika mkono mpaka kwa Bwana Bakari, nikasimama mbele ya mzee yule mwenye ndevu za hina nikayasema yote tena. Akamtazama Bibi, siyo mimi. "Bi Zuhura, mtoto huyu umemfunza wewe." Nikatolewa nje nikacheze.

Yaliyosemwa baada ya hapo sikuyasikia, na wakubwa wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kuwaeleza watoto mambo. Nitawaambia nyinyi sasa. Bwana Bakari alisema, mwanamke wa kwenye picha anatazama, tena anacheka. Mtu asiyejua kuwa anapigwa picha anamchekea nani? Aliyeipiga aje aseme kwa kinywa chake kwamba Mwanaisha hakujua. Akisema, Athmani atarudi kwa mkewe siku hiyohiyo. Basi maisha ya shangazi yangu yakawa yamefungwa kwenye ulimi wa mzungu aliyekwenda zake, na hakuna aliyejua kama atarudi.

Shangazi alikaa chumba cha ndani kabisa. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka zenyewe. Nilikuwa nikimpelekea uji, nikimwita mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakuitika. Alikuwa amegeukia ukutani. Nikimwita mara ya pili ananiambia, "Weka hapo," basi. Nyinyi mnadhani mtoto wa miaka minane hajui chuki ni nini? Niliijua. Nilikuwa nikiilaza kitandani na kuiamsha asubuhi. Nilimwombea Bi Masanduku duwa mbaya kila nilipomaliza kusoma chuoni, tena kwa majina yote ya nchi alizonifundisha, kwamba apatwe na vumbi la Sudani na mvua ya Kongo kwa siku moja.

Siku za eda zilikuwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole aliposhuka tena pwani, anacheka, kachomwa na jua puani, na karatasi mpya kwenye masanduku. Alikuwa anaelekea Faza, kisha juu zaidi mpaka Somali. Alikuja moja kwa moja kwetu, akaingia bila hodi, na mkononi ana lile gazeti. "Zawadi!" akasema. "Mama mdogo yako sasa watu yote ya Ulaya najua yeye!"

Nilimtazama Bibi nikingojea atafanya nini. Niliona kinu karibu na mkono wake, na mchi ndani ya kinu. Bibi akalipokea gazeti kwa mikono miwili, akalitia chini ya mkeka, akasema, "Ahsante, Bi. Karibu. Safari hii hulali kwingine, unalala kwangu."

Basi mimi nikaona bibi yangu amerogwa. Mgeni alipewa chumba cha juu chenye kitanda cha samadari, masanduku yote yakapandishwa huko. Siku ya kwanza alipikiwa pilau. Siku ya pili samaki wa kupaka na mkate wa sinia, na Bibi akamsinga mikono kwa singo yake mwenyewe, ile ya liwa na maua aliyoitengeneza kwa arusi ya Shangazi. Nilimwona akiucheka ule upuuzi wake wa "leta" na "hapana". Shangazi yuko ndani kageukia ukuta, na aliyemuua yuko juu ananukishwa udi! Sikujua, na hakuna aliyenikalisha akaniambia, kwamba Bibi alikuwa akifuata adabu. Mgeni haombwi kitu mpaka siku tatu za ugeni wake ziishe. Bibi hakuwa tayari kuivunja desturi hiyo hata kwa ajili ya mwanawe, na alijua pia kwamba mtu uliyemkirimu ni vigumu kukwambia hapana. Alizihesabu siku zile tatu huku eda inayoyoma. Jioni ya siku ya tatu, mimi nikiwa nimetumwa kwa jirani, alimwomba. Bi Masanduku akashangaa sana kusikia yaliyotokea, akasema, "Kesho mimi nakwenda sema. Kitu kidogo." Kitu kidogo!

Asubuhi ya siku ya nne niliamka nimeshaamua. Walipokuwa chini, Bibi anamsaidia mgeni kuvaa sijui nini, nilipanda chumba cha juu, nikafungua sanduku la vikopo, nikavifungasha ndani ya kanga na kuvikokota mpaka sakafuni juu ya nyumba. Jua lilikuwa limepanda, chokaa ya sakafu ilinichoma nyayo. Nikakaa chini, nikabandua utepe wa kwanza.

Harufu yake ninayo mpaka leo, kali, kama siki iliyomwagwa juu ya chuma. Ulimi wa mkanda ulikuwa umechungulia. Nikauvuta, ukatoka, ukazidi kutoka, unajikunja miguuni mwangu, una rangi ya maziwa machafu. Nikauinua juu kuwatazama watu. Hapakuwa na mtu. Nikadhani wameshakimbia. Nikafungua cha pili, cha tatu, nikawa nakisia majina kwa sababu kusoma sikujua: nyinyi ni Misri, tokeni, nyinyi Uganda, tokeni, kwenu ni kule. Mikanda ikageuka rangi mbele ya macho yangu, ikawa ya zambarau. Niliamini kabisa kwamba kimoja kati ya vikopo vile kina shangazi yangu ndani na kwamba nitamjua nikimfikia. Sikuogopa hata kidogo. Nasema kweli tupu, ile ilikuwa saa tamu kuliko zote za utoto wangu.

Upepo uliuchukua mkanda mmoja ukauangusha kichochoroni, na mpita njia akaguta, "Enyi wa juu, mwatupa nini?" Nikasikia ngazi zinalia kwa miguu. Akatokea Bi Masanduku, na amevaa buibui la bibi yangu. Hilo lilinishtua kuliko uso wake. Alisimama. Kisha akapiga magoti katikati ya mikanda, akaanza kuikusanya kwa mikono yote miwili na kuitia chini ya buibui, kuificha jua, kama kwamba bado palikuwa na cha kuficha. "Mwaka mbili," akasema. "Mwaka mbili yangu!" Akarudia kwa Kizungu, na akalia. Hakulia machozi ya kujifuta. Alilia kinywa wazi, kamasi zinamtoka, paji la uso limegusa sakafu, na nyuma yake mikanda inasogea sogea kwa upepo.

Bibi alifika anahema, akaona, akaelewa mara moja. Akainama akamshika mkono. "Bi, nisamehe. Mtoto nitamtia adabu, mwenye makosa ni mimi. Lakini Bwana Bakari atungoja. Maneno mawili tu, kisha ufanye utakalo. Nakuomba kwa Mola wako."

Yule akauvuta mkono wake. "Mimi najua sasa! Wewe naweka mimi chini, napa mimi chakula, mtoto naharibu juu. Mimi hapana sema kwa mtu. Hapana!" Akalichana buibui kifuani akalivua, akalitupa juu ya vikopo, akashuka kuita wachukuzi.

Bibi yangu, ambaye mchana hakuonekana pwani ila kwa msiba, alimfuata mpaka gatini. Nilimwona kutoka juu, na kila aliyekuwa gatini alimwona. Alimshika yule mwanamke nguo mbele ya wanaume, akamwomba, na chombo kikajazwa masanduku, na mzungu akapanda bila kugeuka nyuma. Alisimama pale mpaka watu wakaanza kuona haya kwa ajili yake.

Aliporudi alikaa kwenye ngazi. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana nikaanza kuogopa. "Wajua alikuwa akenda wapi na buibui langu?" akaniuliza. Akanieleza sasa, yote, sharti la Bwana Bakari, siku tatu za ugeni, maneno mawili ambayo yangesemwa kabla ya adhuhuri. Nikamwambia, "Tupande chombo kingine, tumfuate Faza." Akatikisa kichwa. Eda iliisha Alhamisi ile, na mwezi wa mfungo haujaandama Athmani alishaozwa mtoto wa ami yake. Bwana Bakari aliishi miaka mingi baadaye, na kila nilipopishana naye njiani sikumpa salamu, hata nilipokuwa mke wa mtu, hata alipopofuka. Alipokufa nilikaanga sambusa.

Lakini siku ile Bibi alinisukuma begani. "Nenda kamwambie shangazi yako. Wewe mwenyewe. Mimi siwezi."

Chumba kile cha ndani hakikuwa na dirisha. Nilisimama mlangoni nikayasema yote kwa mfululizo bila kupumua, mikanda, kilio, buibui, gati, na kwamba hatakwenda tena kusema kwa Bwana Bakari, na kwamba ni mimi. Nilikuwa nimejikaza kusubiri chochote, kofi, laana, ama kimya kile cha ukutani ambacho kilikuwa kibaya kuliko kofi. Nikasikia kitanda kinalia. Alikuwa amegeuka.

"Yote umeifungua?"

"Yote."

"Hukubakisha hata mmoja?"

"Hata mmoja, Shangazi."

Akaketi, akazikusanya nywele zake zilizokuwa hazijachanwa siku nyingi, akazifunga nyuma ya shingo. Kisha akapapasa godoro kando yake.

"Ndoo ukae hapa," akasema. "Alilia vipi?"

Nikaanza kumweleza alivyopiga magoti. Akaniwekea mkono kinywani.

"Pole pole. Anza tangu alipotokea ngazini. Usiache kitu."